Gitaa la nakala linapokusumbua: dalili, chanzo na tiba

Mtu akilalamika kwamba nakala yake ya Stratocaster au Precision Bass, gitaa na besi za umeme za kampuni ya Fender, inamsumbua, ushauri anaopewa ni uleule: badilisha pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), badilisha masikio (vikazio vya nyuzi kichwani), au liuze ununue la kweli. Ushauri huo unamtoa mtu fedha, na mara nyingi haugusi tatizo lenyewe. Nakala nyingi za bei nafuu zina mbao za kutosha na umeme unaofanya kazi. Kilichokosekana ni muda wa fundi mwenye tupa na bisibisi kabla gitaa halijatiwa kwenye boksi.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Magitaa haya yananakili michoro ya zamani sana: Telecaster ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, Precision Bass ya 1951, Les Paul ya Gibson ya 1952, Stratocaster ya 1954, kisha Jazz Bass ya 1960. Michoro hiyo ina kasoro zake, na nakala iliyo aminifu hurithi hata kasoro. Kwa hiyo kila dalili unayoiona, jiulize kwanza: hili ni kosa la kiwanda, au hata gitaa la asili liko hivi hivi? Kosa la kiwanda hurekebishika. La kurithi unaweza kulipunguza tu, na ukinunua la asili kwa bei kubwa utalikuta humo humo.

Andaa tyuna, bisibisi, ufunguo wa Alen unaoingia vizuri kwenye gitaa lako, rula ya chuma yenye milimita, msasa laini, penseli na multimita. Weka nyuzi mpya kabla ya kupima chochote, maana nyuzi zenye kutu hudanganya kila kipimo.

Gitaa halikai kwenye tyuni

Hapa ndipo lawama nyingi hupotea njia. Watu hulaumu masikio, wakanunua mengine, na gitaa likaendelea kuteleza. Masikio mabovu yapo, lakini angalia mambo mawili kabla hujayafikia.

La kwanza ni jinsi uzi ulivyozungushwa. Nyuzi nene zinatosheka na mizunguko miwili au mitatu kwenye nguzo ya sikio, ikishuka chini bila kupandana. Mizunguko ikipandana ovyo, uzi unaendelea kujikaza wenyewe kila unapoupinda. Vuta pia nyuzi mpya kwa mkono, taratibu, kutoka kati ya shingo, uzitune tena, urudie mpaka zisiposhuka.

La pili ni nati, kile kipande cha plastiki au mfupa chenye mifereji mwanzoni mwa shingo. Fanya jaribio hili: kaza uzi wa tatu, uzi wa G, mpaka mshale wa tyuna utulie katikati. Kisha ubonyeze kwa kidole nyuma ya nati, upande wa kichwani, uachie, upige tena. Sauti ikipanda juu, uzi umekwama kwenye mfereji: kidole chako kimeuvuta kutoka upande wa masikio, na msuguano umeuzuia kurudi. Wakati mwingine hata hulazimiki kujaribu, kwa sababu unapozungusha sikio unasikia "ting!" na sauti inaruka ghafla badala ya kupanda polepole.

Kwenye nakala za Les Paul na SG, nayo ya Gibson, tatizo hili lina sehemu mbili. Mfereji mwembamba ni kazi ya kiwanda. Lakini kichwa kilicholala nyuma, pamoja na masikio yaliyopangwa matatu kila upande, huufanya uzi wa D na wa G ukunje kona pale natini, na hiyo ni tabia ya mchoro wenyewe. Wenye Les Paul za kweli wanaijua vizuri. Dawa ni ileile kwa wote. Toa uzi, kunja msasa laini mpaka uwe mwembamba kama uzi huo, upitishe kwenye mfereji ukielekea upande wa sikio lake, mara chache tu. Jaza unga wa penseli, rudisha uzi, rudia jaribio la kidole. Unachotafuta ni upana na ulaini. Usichimbe chini, kwa sababu mfereji ukizama, uzi wazi (usiobonyezwa) utagonga freti ya kwanza (kile chuma cha kwanza kinachokatiza shingo) na utahitaji nati mpya.

Nakala za Stratocaster zina mgonjwa wa tatu: tremolo, yaani daraja la nyuzi linaloinama ukivuta mkono wake. Daraja la mtindo wa zamani limeshikwa na skrubu sita mbele, na kiwandani skrubu hizo mara nyingi hukazwa zote mpaka mwisho kama za kabati. Daraja haliwezi kucheza sawasawa likiwa limebanwa hivyo; likiinuka halirudi mahali pake. Legeza nyuzi, fungua skrubu zote robo mzunguko kila moja mpaka bamba liweze kuinama bila kujipinda, kisha tia tone dogo la grisi pale chuma kinapokutana na chuma. Kama hutumii mkono wa tremolo kabisa, usijitaabishe: fungua kifuniko cha nyuma, ongeza springi zifike tano, kaza zile skrubu mbili za kucha, kile chuma kinachoshika springi, mpaka daraja lilale juu ya mwili na lisinyanyuke hata ukipinda uzi. Hapo umepata daraja tuli, na gitaa hilo litakaa kwenye tyuni usiku mzima.

Kwenye besi, masikio ni makubwa na mfereji ni mpana, kwa hiyo tyuni husumbua mara chache. Ikisumbua, tazama kama skrubu ndogo za masikio zimelegea.

Uzi unagonga chuma

Usishike ufunguo wa Alen kabla hujajua uzi unagonga wapi. Piga kila noti kwenye kila freti, uandike.

Mlio ukiwa kwenye uzi wazi na freti za kwanza hadi ya tano, shingo imenyooka mno au imepinda kinyumenyume. Ukiwa kila mahali, nyuzi ziko chini. Ukiwa freti moja au mbili tu, freti inayofuata imeinuka. Ukiwa juu kabisa karibu na mwili, ama shingo imejikunja mno mbele, ama ncha yake imeinuka pale inapoungana na mwili.

Shingo hupimwa hivi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine ubonyeze pale shingo inapoingia mwilini. Uzi sasa ni rula yako. Tazama nafasi kati yake na freti ya saba au ya nane. Kwenye gitaa nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3 inatosha, kwenye besi, 0.3 hadi 0.4. Kama huna geji, karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo karatasi mbili au tatu zipite kwa shida kidogo.

Nafasi ikiwa kubwa, kaza trasi rodi, ule ufito wa chuma ulio ndani ya shingo, kuelekea mwendo wa saa. Ikiwa hakuna nafasi, legeza. Robo mzunguko, si zaidi, kisha tuna na upime tena. Shingo nyingine hujibu papo hapo, nyingine huendelea kusogea mpaka kesho yake. Ufunguo usioingia vizuri ni hatari kuliko kutofanya kitu, kwa sababu chuma cha nati ya rodi kwenye magitaa haya ni laini, na ikiisha kuliwa pembe zake shingo yote imepotea.

Baada ya hapo ndipo unagusa sadeli, vile vipande vya darajani ambavyo nyuzi hupita juu yake. Milimita 1.6 kwenye freti ya 17 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa gitaa. Besi inataka zaidi kidogo, hasa kama unapiga kwa nguvu.

Huenda ukashusha sadeli mpaka mwisho na nyuzi bado ziko juu. Shingo ikiwa imeshikwa kwa skrubu, kama kwenye familia yote ya Fender, fungua skrubu nne na uweke kipande chembamba kigumu, nusu milimita tu, ndani ya mfuko wa shingo upande ulio karibu na daraja. Kichwa kinalala nyuma kidogo, na nyuzi zinashuka. Fundi wengine hukunja uso wakikuta kipande hicho, lakini hata kiwanda cha Fender kilikuwa kikiviweka kwenye magitaa ya zamani. Les Paul shingo yake imegandishwa kwa gundi, kwa hiyo njia hii haipo. Nakala ya aina hiyo yenye pembe mbaya ya shingo irudishe dukani ukiwa bado na haki ya kuirudisha.

Freti iliyoinuka huipata kwa kipande kifupi kilichonyooka, hata ukingo wa kadi ngumu ya benki. Kiweke juu ya freti tatu kwa pamoja. Kikicheza kama meza yenye mguu mfupi, ile ya katikati imeinuka. Bonyeza ncha zake: zikizama chini ya kidole, freti imelegea na inahitaji kugongwa na kutiwa gundi. Zisipozama, ni ya kupigwa tupa. Kazi hiyo mpe fundi mara ya kwanza, umtazame anavyofanya.

Freti zikikukwaruza kiganja pembeni mwa shingo, mbao imekauka na kusinyaa huku chuma kikibaki palepale. Tupa ndogo iliyolazwa kwa pembe inamaliza.

Sasa yale ya kurithi. Kuna mchezaji ambaye gitaa lake halina mlio wowote mpaka apinde uzi mwembamba juu ya freti ya kumi na mbili. Hapo sauti inakufa ghafla. Kama shingo ina mviringo wa kizamani wa inchi 7.25, huo si ubovu. Uzi uliopindwa unavuka mgongo wa ubao, na mgongo huo ukiwa wa duara sana uzi unagota kwenye freti za mbele. Pandisha nyuzi hizo mbili tatu kidogo na ukubali. Shingo za inchi 9.5 husumbua kidogo, na za inchi 12 za mtindo wa Les Paul karibu hazisumbui.

Kwenye besi za mtindo wa Fender, uzi wa A ukiwa wazi huweza kulia "zzz" pale natini wakati nyuzi nyingine ziko sawa. Kichwa hakilali nyuma, na kile kibonyezo cha kichwani hushika D na G tu. Uzi wa A unabaki bila mkandamizo. Suluhisho halina gharama: uzungushe uzi huo kwa mizunguko zaidi ikishuka mpaka chini kabisa ya nguzo, ili uteremke kwa pembe kali kutoka natini.

Kodi za mwanzo wa shingo zinapotoka, nyuzi wazi ziko sawa

Umetuna vizuri, ukapiga kodi ya E kubwa, inasikika chungu. Kosa liko natini: mifereji iko juu, na kubonyeza freti ya kwanza kunavuta uzi na kupandisha sauti. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, tazama nafasi juu ya freti ya kwanza. Inatakiwa iwe ndogo kiasi kwamba ukiugonga uzi pale unasikia kamlio kadogo tu. Ukiona mwanga mpana, mfereji unahitaji kushushwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo kasoro inayoharibu nakala nyingi kuliko nyingine yoyote, na ndiyo inayomfanya anayejifunza aamini kwamba vidole vyake ni dhaifu. Ukiweza kulipa fundi kwa kazi moja tu, mlipe kwa hii.

Ikishakaa sawa, pima intonesheni, yaani usahihi wa noti kadiri unavyopanda shingo. Linganisha noti ya freti ya 12 na uzi wazi, tofauti yake iwe oktava kamili. Noti ya freti ikiwa juu, rudisha sadeli nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, isogeze mbele. Nakala ya Telecaster yenye sadeli tatu za shaba haitakubali kikamilifu, kwa kuwa kila sadeli inabeba nyuzi mbili zenye mahitaji tofauti. Huo ni urithi, na kuna sadeli tatu zilizochongwa kwa mshazari zinazousahihisha bila kubadilisha sura.

Mvumo na kelele za umeme

Kwanza usalama. Ukigusa nyuzi ukapigwa shoti, hata ndogo, zima kila kitu. Tatizo hilo limo kwenye amplifaya au soketi ya ukutani, na halitibiwi ndani ya gitaa.

Sasa shika nyuzi huku amplifaya imewashwa. Mvumo ukipungua, waya wa ethi wa darajani, unaounganisha nyuzi na ardhi ya umeme, upo na unafanya kazi. Usipobadilika, waya huo umekatika au haugusi. Ukiongezeka, huenda nyaya mbili za jeki (tundu la kuchomekea kebo) zimelehemiwa kinyume. Kwenye nakala, mara nyingi waya upo, lakini umebanwa chini ya daraja juu ya rangi badala ya chuma tupu. Thibitisha kwa multimita: mguso mmoja kwenye uzi, mwingine kwenye kola ya nje ya jeki. Usomaji uwe chini ya omu chache.

Ethi ikiwa sawa na mvumo upo, angalia aina ya pikapu. Pikapu ya koili moja huvuma, ndivyo ilivyozaliwa. Stratocaster ya kwanza ilivuma kwenye kila nafasi ya swichi. Nakala nyingi za leo zina pikapu ya kati iliyogeuzwa, kwa hiyo nafasi ya pili na ya nne ya swichi hunyamaza. Jazz Bass hunyamaza voliyumu zote mbili zikiwa sawa, na huvuma ukishusha moja. Usiitafutie dawa, isipokuwa kufunika mashimo ya ndani kwa utepe wa shaba uliounganishwa na ethi. Utepe hupunguza mikwaruzo ya taa na simu, ila mvumo mzito wa sumaku ya transfoma utabaki.

Precision Bass ni habari tofauti. Tangu 1957 pikapu yake imegawanywa vipande viwili vinavyofuta mvumo wa kila kimoja. Nakala ya Precision inayovuma wakati ethi ya daraja ni nzima ina kosa la waya, na kosa hilo hujificha vizuri: nusu moja ikilehemiwa kinyume, besi inasikika kama kawaida, kwa sababu kila nusu inasikiliza nyuzi zake mbili. Kinachokupa habari ni mvumo pekee. Geuza nyaya mbili za nusu moja, umemaliza.

Kwenye gitaa lenye pikapu mbili, dalili ya nyaya zilizogeuzwa ni nyingine. Kila pikapu peke yake ina sauti nene, lakini zikiwa pamoja sauti inakonda kama ya redio ndogo. Geuza nyaya za moja. Kwenye Telecaster tahadhari na pikapu ya shingoni, maana kifuniko chake cha chuma kimeunganishwa na waya wa ethi. Kitenganishe kwanza ukipe waya wake.

Mikwaruzo unapozungusha voliyumu ni vumbi na kutu ndani ya potensiometa. Dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, mpulizo mmoja kupitia kidirisha chake, kisha izungushe mara nyingi. Sauti ikikatika unapotikisa kebo, vidole vya jeki vimelegea au nati yake imefunguka. Shika jeki kwa ndani unapoikaza, la sivyo inazunguka na kukata nyaya.

Voliyumu isiyofanya chochote mpaka karibu na sifuri, kisha ikashuka ghafla, haijaharibika. Soma maandishi nyuma ya potensiometa. B250K au B500K maana yake mkunjo wake ni wa mstari, na sikio huusikia kama swichi. Nunua yenye herufi A: ya 250 kwa koili moja, ya 500 kwa hamubaka, pikapu ya koili mbili. Hili ni badiliko dogo ambalo mkono wako utalishukuru kuliko pikapu mpya.

Pikapu inapiga mayowe

Mayowe makali ya juu kwenye sauti kubwa, yanayoendelea hata ukizishika nyuzi, yanatoka kwenye koili ambayo haikuzamishwa kwenye nta. Igonge kwa ukucha: ukisikia "tok" kubwa kwenye amplifaya, ndiyo. Kwenye Telecaster, kaza kwanza bamba la daraja na lile bamba dogo chini ya pikapu, mara nyingi hao ndio wanaotetema. Nta huyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, na isipite nyuzi joto 65 hivi, kwa sababu plastiki ya koili hulainika.

Noti moja inakufa kwenye besi

Uzi wa G, kati ya freti ya tano na ya saba: noti inaanza vizuri kisha inazimika wakati jirani zake zinadumu. Freti haina kosa. Shingo ndefu yenye kichwa chepesi hutetema kwa masafa karibu na ya noti hiyo na kuimeza nguvu. Besi za asili za bei ya gari zina doa hilo hilo. Bana kitu kizito kwenye kichwa, au badilisha unene wa nyuzi. Doa litasogea au kupungua, na pengine likaangukia mahali usipopatumia.

Kipuri kipya hakiingii

Pima kabla ya kuagiza. Daraja la Strat la mtindo wa zamani lina takriban milimita 56 kati ya skrubu za pembeni, wakati nakala nyingi ni 52 na kitu. Kifundo cha voliyumu cha Kimarekani kina meno 24, vya Asia mara nyingi 18, na ukikilazimisha kinapasuka. Baadhi ya nakala zina mwili mwembamba kuliko milimita 45 za kawaida, na hapo pande refu la chuma la tremolo hutokeza nyuma na swichi kubwa hugota chini ya shimo. Matundu ya masikio nayo hutofautiana: ya kizamani karibu milimita 9, ya kisasa 10.

Kitu kimoja tu hakina tiba ya bei nafuu, nacho ni shingo iliyojisokota. Tazama kutoka kichwani kuelekea darajani, ukilinganisha mstari wa freti ya kwanza na wa mwisho. Isipolala sambamba, trasi rodi haiwezi kukusaidia, kwani inavuta mbele na nyuma pekee. Kwenye gitaa la skrubu, tafuta shingo nyingine yenye urefu uleule wa uzi, milimita 648 kwa Strat na Tele, 864 kwa Precision na Jazz, na upime upana wa kisigino chake kabla hujalipa.